Mama Aliyebaki Ukutani

Fundi seremala alikuwa anakwangua rangi kwenye ukuta wa chumbani. Chini ya tabaka la tatu akamkuta marehemu mama mwenye nyumba, kakaa, anashona kifungo.

"Shikamoo, mama," akasema, akaenda kumwita kaka mkubwa, mtoto wa kwanza wa marehemu.

Kaka mkubwa ndiye aliyeamua nyumba ya mbao ya wazazi irudishwe kwenye uasili wake, ipokee wageni wa mapumziko. Mama alipougua hakuleta hata msumari. Sasa alipapasa mbao kama mnunuzi wa ng'ombe, akisema, "Urithi, jamani, urithi." Kanuni yake ilikuwa moja: kilichokuwepo nyumba ilipojengwa kibaki, kilichoongezwa kitoke. Likatoka karo la kunawia, kikatoka kishikio cha bafuni, ukatoka mteremko wa kiti cha magurudumu. Vyote viliwekwa na kitinda mimba, binti aliyemuuguza mama, asiye na mahali pengine pa kulala.

"Na mimi je, kaka?"

"Wewe ulizaliwa nyumba imeshaezekwa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo umeongezwa, mdogo wangu. Usinune, ni kanuni tu."

Mama akasema kutoka ukutani, macho kwenye sindano, "Nyumba ni ya huyu. Ndiye aliyenilisha na kuniogesha. Wewe ulikuja siku ya kugawana vyombo."

Kaka mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma, kwa adabu zote. Akamgeukia fundi.

"Huyu wa tangu mwanzo, abaki. Mpige vanishi, ila isiyong'aa sana."

"Na usoni?"

"Usoni pia. Mchwa hachagui."

Dada wa kati, aliyekuja kupima mapazia, alisema mama kapendeza, rangi ya pazia iende na gauni lake.

Kitinda mimba alikunja godoro, akamnyoosha mama kola. Vanishi ilikuwa bado mbichi, ikamganda vidoleni. Akaenda kupanga chumba nyuma ya gereji.

Wageni wa kwanza walifika Ijumaa. Mama akawaambia nyumba ni ya nani. Wakamshukuru, wakamwomba apunguze sauti kidogo, watoto wamelala.

Mpaka leo anawaambia. Kaka mkubwa akipita kukagua bawaba husimama kumsikiliza, akitikisa kichwa kwa fahari.

"Anasema kweli tupu," huwaambia wageni. "Kuta za siku hizi hazisemi hivyo."