Corolla Mbili Nyeupe

"Umeniibia gari!" dada mshonaji alimfokea jirani yake, kinyozi.

"Nani mwizi? Gari lako limenizimikia njia panda, halina hata tone la mafuta!"

Majirani tulishajaa uani, nani akose? Wote wawili wana Toyota Corolla DX nyeupe za miaka ya themanini, na funguo zimelika hadi wa huku unafungua kule. Asubuhi hiyo kinyozi alipanda lisilo lake, akaenda zake.

"Tangu mwaka sitini na sita Mjapani anaunda Corolla za kila sura," nikachomekea, "nyinyi mkachagua mapacha!"

Tukacheka. Mshonaji hakucheka, machozi yalimlengalenga.

"Kaka, saa tatu mama alibanwa na pumu. Nikatoka mbio, nikakuta lako tu. Ufunguo wangu ukakubali, na tangi limejaa, nikamwahisha hospitali! Ningepanda langu, mama angenifia hapo hapo njia panda."

Kinyozi akanywea. "Sasa mama yuko wapi?"

"Nipo," sauti ya kukwaruza ikajibu kutoka ndani. "Mwambie huyo mwizi wangu anawe mikono aingie. Chakula kinapoa."