Yeyo Akandika Ghorofa

Ghorofa tunayoishi hapa Karatu inajivuna. Kibao cha mlangoni kinatangaza kwamba jengo zima linatumia umeme kiduchu, na kweli linatumia kiduchu. Kuta ni nene, madirisha yana vioo viwili viwili, maji ya kuoga yanapashwa na jua. Taa za ukumbini huwaka ukipita na kuzimika ukishapita, kana kwamba zimekuchoka. Hewa huingia kwa matundu madogo juu ya madirisha, na ile inayotoka huiachia inayoingia joto lake njiani. Mwezi wa saba ukungu unaposhuka kutoka msitu wa Ngorongoro na kumeza barabara ya lami, sisi tumo ndani na nguo nyepesi.

Mimba yangu ilikuwa imekua, na usingizi ulinichukua mchana kweupe. Nililala nikisikia kuta zikivuta hewa polepole, zikitoa, zikivuta tena. Mara nyingine sikujua kinachopumua ni jengo au mtoto.

Ndipo Yeyo alipofika kutoka kijijini kwetu Arash. Yeyo ndivyo sisi Wamasai tunavyomwita mama. Jina lake ni Nalangu. Nilikuwa nimemsihi akae nami mpaka nijifungue. Mume wangu, Loserian, anaendesha watalii, na akishaingia Serengeti hatoki leo wala kesho. Ilikuwa mimba ya kwanza na nilikuwa naogopa. Sitajifanya jasiri hapa.

Alisimama katikati ya sebule, akakagua dari.

"Resiato, nyumba hii ameijenga mwanamke gani?"

"Kampuni, Yeyo."

"Sijauliza kampuni. Nauliza mwanamke."

Kwetu nyumba hujengwa na mwanamke, nayo huwa yake. Mimi hapa sijapigilia hata msumari, mkataba wa kupanga unakataza. Nilimwambia walijenga wanaume, mafundi kutoka Arusha. Alicheka hadi akashika ukuta.

"Wanaume! Basi haina mwenyewe. Na mimi nitakuwa mgeni wa nani? Jumapili narudi zangu."

Nilidhani ni utani. Haukuwa utani. Kila asubuhi aliuliza Jumapili ni lini. Alisema ndani hamna moshi, hamna jiko la kuni, hamna hata majivu, na kwamba anaamka asijue yuko wapi. Nami nilinuna, kwa maana kununa ninakujua vizuri. Nilijilaza nikamwacha atazame ukungu kupitia vile vioo viwili.

Alhamisi mchana niliota niko Arash, mdogo, nimelala juu ya ngozi, na nyumba ina joto zito linalonukia ng'ombe. Hapakuwa na sauti yoyote. Nilifungua macho, na harufu ikabaki. Vioo vilikuwa vinatiririka maji, hewa imeganda. Nilitega sikio kusikia kuta zikipumua, sikusikia kitu. Nikajishika tumbo kwa hofu. Mtoto alinipiga teke, nikashukuru Mungu.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Adrian, msimamizi wa jengo, mtu wa Singida, mpole mpaka anakera.

"Samahani, dada. Mtambo unaonyesha hewa haipiti kabisa kwako. Na majirani wa juu wanalalamikia harufu."

Tuliingia sebuleni. Yeyo alikuwa juu ya kiti, mikono ya kijani mpaka viwiko. Kila tundu la hewa lilikuwa limekandikwa kwa mavi ya ng'ombe, laini, alama za vidole zimepangana vizuri. Aliyatoa kwa Petronila, mama wa Kimbulu anayefuga nyuma ya jengo letu.

"Nyumba ilikuwa na matundu," alisema. "Mtoto atapigwa na baridi."

"Yeyo! Umeharibu nyumba ya watu! Nani amekutuma?"

Nilimfokea mama yangu mbele ya mtu baki. Alishuka taratibu, akanawa, akaketi.

"Nitafutie gari la kesho," alisema. "Jumapili ni mbali."

Adrian alitandika gazeti, akachukua kibati, akaanza kukwangua. Mabonge yalianguka, na alama za vidole vya Yeyo zilikuwa bado zimo. Niliyatazama, nikaukumbuka mwaka ule tulipokuwa tunahama boma. Mvua ilituvujia, nililia kwa baridi, na Yeyo hakugusa ukuta. Alisema mwanamke hakandiki nyumba anayoihama. Hukandika anamokusudia kulala.

Kumbe alipokwenda kwa Petronila na ndoo asubuhi ile, alikuwa ameshaamua kukaa. Na mimi nimemfukuza.

"Kaka Adrian, nipe hicho kibati."

"Dada, na hali yako hiyo..."

"Nipe, nimesema."

Nilimaliza matundu yote mwenyewe. Kisha nikayakusanya yale mabonge kwenye beseni, nikatia maji, nikakanda kwa mikono, nikaingia chumba anacholala Yeyo. Nilipaka ukuta mweupe kando ya kitanda chake.

"Dada, mkataba," alisema Adrian mlangoni.

"Mkataba ni wangu."

Ilikuwa kazi mbaya kuliko maelezo. Nilichopaka juu kiliteremka chini, kikadondoka kwenye vigae. Nilikuwa nalia na sikujifuta, maana mikono ilikuwa vile. Yeyo alikuja akasimama karibu na Adrian. Alichungulia beseni.

"Majivu ya kushikisha umetia?" aliuliza.

"Sijatia."

"Hajatia!" alimwambia Adrian, kama anayemshitakia. "Anataka kuzaa, na majivu hajatia."

Alinisogeza kwa kiwiko, akakunja mikono ya nguo, akaingiza vidole kwenye beseni na kupima uzito wa mavi.

"Mwanangu," alimwambia Adrian, "nenda kwa Petronila, umwombe majivu. Ya kutosha ukuta wote."