Toleo la 214 Halipo

Ofisini walimwita Chiriku kwa kumtania, maana siku nzima ingeweza kupita asitoe maneno kumi. Kazi yake ilikuwa kulitunza ghala, yaani programu iliyohifadhi kila toleo la maelekezo ambayo mashine za viwandani huyafuata. Ukitaka toleo fulani, unaandika namba yake, ghala linakutolea.

Hapo awali, mtu akiandika namba isiyokuwepo, ghala lilimkatalia. Bosi hakulipenda hilo. "Mteja haambiwi hapana," alisema. "Akikosea, mpe linalofanana." Chiriku alibisha siku mbili, ya tatu akachoka. Mwenye nguvu mpishe, alijisemea, akayafuta maneno ya kukataa kwa mkono wake mwenyewe.

Miezi minne ikapita. Jumatatu moja asubuhi, mwendesha mashine wa kiwanda cha mabati alikusudia kuomba toleo la 241. Vidole vikateleza, akaandika 214. Toleo hilo halikuwahi kuwepo. Ghala likachukua tarakimu mbili za mwanzo, likampa la 21, la enzi zile mashine haijawekewa jicho la kuzuia chuma kisishuke mikono ikiwa ndani, kwa hiyo jicho hilo halikufanya kazi. Kwenye kioo likaandika: Tayari. Akaingiza bati, na chuma kikamshukia viganja vyote viwili.

Jumatano, saa nne asubuhi, kaka wa mwendesha mashine huyo aliingia ofisini kwa kina Chiriku na nondo. Alikuwa mchomeleaji, mikono imejaa makovu ya cheche. Hakupiga hodi. Kompyuta ya kwanza aliipasua, ya pili akaitupa ukutani, na watu wakatoka mbio, mguu niponye. Bosi akajitokeza, mikono juu.

"Ndugu yangu, tulia tuongee. Huyo mwendeshaji ndiye aliyekosea nam—"

Nondo ilimpata taya. Meno mawili yakaruka hadi kwenye meza ya Chiriku, na damu ikafuata. Mchomeleaji akamkanyaga bosi kifuani.

"Alikosea, ndiyo! Nani asiyekosea? Lakini mashine yenu ikamwambia 'Tayari'. Tayari kwa lipi? Nani kaandika neno hilo?"

Chiriku angeweza kunyamaza, kunyamaza alikuzoea.

"Mimi," alisema.

Pigo lilimwangukia begani, akausikia mfupa ukivunjika kama kijiti kikavu. Akaporomoka, akajishika mezani kwa mkono mmoja. Nondo ikapanda tena.

"Kaka, subiri! Utaniua, sawa, lakini niache kwanza nilirekebishe ghala. Viwanda thelathini na sita vinatumia ghala hili. Sasa hivi kuna mtu mahali anaandika namba."

Nondo ikabaki hewani. Kisha ikashuka taratibu, ikatulia shingoni mwake, baridi.

"Andika."

Aliandika kwa mkono mmoja, bega likimwaka, bosi akikoroma damu sakafuni. Robo saa nzima. Alipomaliza, alijaribu ile namba ya Jumatatu, na mchomeleaji akainama kusoma, midomo ikicheza:

Toleo la 214 halipo. Hakuna kilichobadilishwa. Je, ulikusudia 241? Andika upya namba unayotaka.

"Maneno haya tu?"

"Haya tu."

"Kwa nini lisimpe hilo 241 lenyewe?"

"Haliwezi kujua alichokusudia. Likikisia, siku moja litakisia vibaya. Lazima aseme mwenyewe."

"Na kuyaandika ni robo saa."

Chiriku angeweza kuishia hapo. "Yalikuwepo, kaka. Niliyafuta."

Mchomeleaji akaushika ule mkono uliokuwa ukiandika, akaulaza juu ya meza kwa upole, kama anayempimia mtu pete. Akaupiga mara moja. Kisha akaitupa nondo, akaketi sakafuni, akalia kwa sauti mpaka polisi walipofika.

Siku ya tano bosi alikuja hospitali, taya limefungwa kwa waya. Hakuweza kusema, akaandika kwenye karatasi: Rudisha kama zamani. Tangu Jumatano wateja wamekataliwa mara kumi na tisa. Wanalalamika.

Kumi na tisa. Chiriku aliisoma namba hiyo mara tatu. Akamwomba muuguzi amtolee mgeni.

Mahakamani alieleza yote: amri ya bosi, na utiifu wake mwenyewe. Mchomeleaji alifungwa miaka mitatu. Kampuni ilifungiwa, na ghala likakabidhiwa kwa wengine, ambao waliyaacha maneno ya kukataa palepale.

Alipotoka mahakamani hakwenda kwake. Alikwenda nyumbani kwa yule mwendesha mashine, akagonga mlango kwa kiwiko, maana mkono ulikuwa bado kwenye plasta. Mama yao ndiye aliyefungua, kijiko cha kumlishia mwanawe kikiwa mkononi.

"Wewe ndiye yule binti wa ghala?"

"Ndiye mimi, mama."

Mama akamtazama toka utosini hadi unyayoni. Kisha akasogea kando, nafasi ya mtu mmoja kupita.