Kibuyu cha Mama na Jiki ya Mkwe

Mkwe wangu Emelyne ana cheti cha maabara, na tangu aolewe na mwanangu Venant nyumba yetu ya Makanyagio haina raha. Nikishika nyanya, anauliza kama nimenawa. Nikifunika mboga kwa sahani, anatafuta kifuniko kinachobana zaidi. Ni binti mzuri na nampenda, lakini anachosha.

Siku moja tukichambua mchele alitandaza unga kwenye ungo, akanichorea viumbe vyake kwa kidole. Bakteria wengine ni kama vijiti, wengine kama punje za ulezi. Kuvu ni ukoo mkubwa, humo mna ukungu wa mkate na hamira inayochachusha pombe yetu ya ndizi. Protozoa wamewazidi bakteria ukubwa, ndio akina amiba wanaotukimbiza chooni. Virusi ni wadogo kuliko wote, na hawazaani mpaka waingie ndani ya kiumbe kingine. Nikamwambia hao wa mwisho nawajua, ni kama shemeji zangu. Alicheka mpaka akamwaga unga.

Mimi, Athanasie, nauza maziwa mgando. Kibuyu changu mama alikibeba mgongoni kutoka Burundi mwaka sabini na mbili. Kila nikiuza nabakiza maziwa kidogo chini, tunayaita mbegu, namimina mapya juu yake, na kesho yake yameganda. Mama aliniachia masharti mawili: kibuyu hakioshwi ndani, na mbegu haitoki nje ya nyumba.

Sharti la pili lilivunjwa na rafiki yangu Matilda wa Majengo. Miaka tisa iliyopita nililazwa, yeye akabaki akinitunzia nyumba, na akajichotea kikombe cha mbegu bila kuniambia. Nilipojua nilimwita mwizi mbele ya kwaya nzima. Toka siku hiyo tunaimba benchi moja bila kusalimiana.

Sharti la kwanza likavunjwa Ijumaa moja nilipokwenda msibani. Niliporudi kibuyu kilikuwa kinaning'inia kwenye kamba ya nguo, kimepauka, kinanuka hospitali.

"Mama, nimekusafishia," Emelyne akasema, anatabasamu. "Jiki na maji ya moto, mara tatu."

Nilikaa chini palepale. Nilisubiri harufu iishe, nikamimina maziwa mapya nikijipa moyo, lakini baada ya siku mbili yalikuwa machungu na yananuka, tukayamwaga. Mama yangu hakuwahi kupigwa picha, na kaburi lake liko mbali. Kilichobaki kwake kilikuwa ladha ile tu. Nililia kama mtoto.

Emelyne alilia kunishinda. Akakiri kwamba aliowaua kibuyuni ni bakteria wema, wanaogandisha maziwa na kuyatia uchachu unaowafukuza wabaya. Alifundishwa hayo darasani na akafaulu mtihani. Hakuwaza kwamba walikuwa wanaishi jikoni kwangu.

"Bakteria hagawi urithi, Mama, anajigawa mwenyewe," akasema huku anapenga kamasi. "Mmoja anakuwa wawili, wawili wanne. Kama mbegu ile iko kwa mtu mwingine, basi ni walewale."

Huyo mtu nilimjua.

Kesho yake tukapanda bodaboda hadi Majengo. Matilda alifungua mlango, akanitazama tu. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno mazuri, lakini yaliyotoka ni haya: "Nimekuja kuchukua ulichoniibia."

Emelyne akanikanyaga mguu. Nikaanza upya.

"Matilda, mbegu ya mama imekufa. Nakuomba."

Aliingia ndani, akatoka na bakuli. Nilionja kijiko kimoja. Ilikuwa yenyewe, na ule ukali mwishoni uliokuwa ukimfanya mama afumbe jicho moja.

"Watu huwa wananiuliza huu mgando ni wa wapi," Matilda akasema. "Nawaambia ni wa mama yake Athanasie. Miaka yote tisa nawaambia hivyo."

Miaka yote tisa, na mimi nilikuwa nikimwita mwizi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Jumapili nilisimama mbele ya kwaya ileile nikalifuta lile neno kwa sauti, na akina mama wa sauti ya pili wakapiga vigelegele kabla sijamaliza kuomba radhi.

Sasa mbegu ya mama iko katika nyumba nne, na kila anayeomba nampa. Emelyne ana chungu chake mwenyewe, kina kifuniko kinachobana. Mikono nanawa, hilo nimekubali. Lakini ile chupa ya jiki inakaa chini ya kitanda changu, na akiihitaji anakuja kuniomba.