Mzamiaji wa Kwenye Tangi la Mapokezi

Wewe mgeni unayeketi pale mapokezi umeinamia simu, mwanamke akipita na ndoo mbili unasogeza viatu visilowe, lakini macho huyainui. Haya, leo utasikia, maana kuona umekataa.

Ndoo zilikuwa za maji yaliyochujwa. Mfagizi wa ofisi, ambaye wenzake walimwita Mama Ndoo, alikuwa amepangwa kumsaidia fundi kuandaa tangi la mfano kwa wateja wanaoanza kufuga samaki wa maji ya chumvi. Kampuni iliuza matangi, samaki na mawe ya matumbawe. Mawe hayo alikuwa akiyazamia mumewe, akivuta hewa kwa mpira kutoka kwenye boti. Siku moja boti ilirudi bila yeye. Kampuni ikasema katoroka kazi. Mtoro hana kaburi wala matanga, kwa hiyo Mama Ndoo hakuruhusiwa hata kuwa mjane. Aliendelea kupiga deki.

Walikoroga chumvi mpaka kipimo kikakubali. Wakamwaga mchanga, wakapanga mawe, wakawasha pampu, hita na taa. Kisha wakangoja, maana tangi jipya halitiwi samaki mpaka maji yakomae. Kila asubuhi fundi alidondoshea dawa maji kidogo kwenye kichupa. Njano ni salama, kijani ni sumu ya kitu kinachooza. Yakawa kijani. Kesho yake kijani. Wiki zikaenda, kijani kile kile.

"Kuna kitu kimekufa humu, shemeji," alisema fundi, aliyekuwa rafiki wa mumewe.

"Labda konokono."

"Konokono gani anaoza hivi? Labda awe na kitambi cha bosi."

Mama Ndoo akakunja mkono wa blauzi, akageuza jiwe kubwa. Mumewe alikuwa ameketi kwenye tundu lake, kimo cha kidole gumba, kipande cha mpira uliokatika kikining'inia begani. Alikuwa anakwangua mwani kwa kisu.

"Kumbe uko huku," alisema mkewe.

Mume akapunga mkono, akaendelea kukwangua.

"Amekonda," alisema fundi.

"Kazini hakuwa akila vizuri tangu zamani."

Dada wa mapokezi akasogea, akachungulia. "Shikamoo, baba," akasema, kisha akarudi kupokea simu.

Meneja alipoitwa alivaa miwani, akainama.

"Bosi, ni mume wangu," alisema Mama Ndoo. "Naomba nimtoe nikamzike."

"Umzike vipi mtu aliye kazini? Sisi hatukusema amekufa. Tulisema katoroka, na kama amerudi, tunamsamehe."

"Mpira wake umekatika, bosi. Hapumui."

"Mbona hajalalamika?"

Meneja akaagiza samaki watiwe hivyo hivyo, wateja wasije wakakuta tangi tupu. Fundi alisema maji bado, akaambiwa maji hayajaajiriwa hapa. Wakatiwa samaki wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe. Wakafa. Wakaletwa wengine, wakafa nao. Mzamiaji aliwakokota mmoja mmoja mpaka kwenye kona, akawachimbia mchangani, akawafukia, akasimama kidogo ameinamisha kichwa. Kisha alirudi kwenye mwani wake.

Wateja walimpenda. Wakasema hawajapata kuona tangi lenye kioo safi namna ile. Mmoja aliuliza kama anauzwa peke yake au pamoja na jiwe. Meneja akaleta kifuniko cha kioo kinene, asije akatoroka tena.

Kifuniko hicho kinahitaji watu wawili kukinyanyua. Mama Ndoo alimwomba fundi.

"Shemeji, nina watoto wanasoma," fundi akasema.

Alimwomba dada wa mapokezi, naye akamwonyesha kucha zake, zimepakwa rangi jana. Wala usiwacheke hao. Wao angalau walijibu.

Sasa hivi Mama Ndoo ameweka fagio la deki chini. Ameshika upande wa kushoto wa kifuniko kwa mikono yote miwili, na mgongo unamuuma. Ndani ya maji mumewe anachimba shimo jingine kwenye mchanga, refu kuliko la samaki. Upande wa kulia hauna mtu. Wewe umekaa hatua chache tu kutoka hapo, una mikono miwili mizima, na kazi ya kunyanyua haihitaji cheti. Tia hiyo simu mfukoni. Inuka, shika huo upande!