Mshale Usiopanda

...A tena, A ya nne hii, mimi nimebonyeza mshale wa juu, mshale jamani, siyo A, nataka kupanda mistari mitatu tu nikafute sentensi moja, na hili likompyuta la skrini nyeusi linanifungulia mstari mpya na kuniandikia A, miaka ishirini na sita jukwaani, nimechekesha maaskofu na wakuu wa wilaya, hakuna aliyewahi kunijibu A... saa tano na nusu, mazishi saa nane, kule Uru kaburi limeshachimbwa kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, na wasifu wa kaka yangu Ildefonce nausoma mimi, eti mchekeshaji wa ukoo ndiye mwenye maneno, haya, maneno ndiyo hayo, A, A, A, A... "Baba Brenda, usiipige, kibodi ni ya parokia," Evelyn huyo, mwalimu wa kompyuta, hata hageuki, "si wewe uliyetaka kitufe cha Esc kihifadhi kazi?"... ndiyo nilitaka, umeme ulikatika ukameza kichekesho changu chote cha jubilei, nikamwomba anipangie, nikigusa Esc mara moja kila kitu kihifadhiwe, sikumwambia anivunjie mishale! "Mshale nao unaanza na ishara ya Esc, mashine ikiipata tu inahifadhi, herufi zinazofuata inazichukua kama amri, ndiyo inafungua mstari na kuandika A"... ananieleza polepole kama anaongea na mbuzi, kwa hiyo kila nikitaka kupanda kuifuta sentensi ile naihifadhi upya, mara nne, kwa kidole changu mwenyewe, ebo!... nani aliyeiandika, si mimi, imenitoka tu, *Ildefonce aliniletea jani la isale nikaligeuza kichekesho*, nani atasoma hayo mbele ya padri na mashemeji, nilitaka niweke tuliishi kwa upendo, fupi, safi, haichomi mtu... alikuja Jumamosi moja, kaka mkubwa, amelishika kwa mikono miwili, kwa ajili ya migomba yangu aliyoikata mpakani, na isale ni jani la kuomba msamaha, likija unapokea, hata pawe na damu, mlimani kote hakuna asiyejua, mimi nikaona watu wamejaa kilabuni, nikalichomeka kwenye kofia, "Kaka, mchicha huu mbona hauna nyama?", wakacheka wakashika mbavu, naye akacheka, kidogo, akainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari, akaondoka... miaka miwili hakurudi, na kwangu ni hatua mia moja... "Nikurudishie Esc ya zamani? Dakika mbili tu, mishale itapanda," na kidole changu bado kiko juu ya mshale, kimstari kinapepesa palepale pembeni mwa A ya nne, hakijasogea, nilikuwa nimepanga kumtukana huyu mwalimu, nilikuwa na tusi zuri kabisa, la jukwaani... "Baba Brenda? Nirudishe?"... ikipanda nitaifuta, najijua, nitaifuta na watanipigia makofi kaburini... hapana, mwalimu, iache, nitazifuta hizo A moja moja, sentensi ile ya juu nitaisoma ilivyo, wakicheka wacheke, halafu nitalitafuta isale bichi pale mpakani, nilishike kwa mikono miwili, niseme lile nililomnyima, nimepokea, kaka, yameisha...