Sheria ya Kirumi kwa Kuyumba

Mimi na Feruzi tulikuwa na akili. Sisemi kwa majivuno. Basi, nasema kwa majivuno, na asiyependa afunge kitabu. Mwaka 1957, katika chuo kikuu kipya cha Élisabethville, darasa letu la sheria lilikuwa na Waafrika wanne tu, na kila mtihani ulipokaribia watoto wa Wabelgiji walikuja kuomba kueleweshwa na wawili kati ya hao wanne. Wawili hao ni sisi.

Namna yetu ya kusoma haikuwa siri. Feruzi alikulia mtaa wa Kamalondo, pembeni ya cherehani ya baba yake, Papa Mawazo, fundi wa suti na kanzu, mtu wa Maniema. Kabla hajajua neno moja la Kifaransa alikuwa amepita madrasa, na huko mtoto hasomi kwa macho peke yake. Anakaa chini, anayumba mbele na nyuma, anasoma kwa sauti mpaka maneno yanamwingia mgongoni. Mimi, Liévin, ni Mkatoliki, mtoto wa mfanyakazi wa reli, nimezaliwa mtaa wa Makomeno. Kwa mapadri tulikariri katekisimu tumekaa wima kama misumari. Nilipomwona Feruzi mara ya kwanza akiyumba na kitabu cha sheria ya Kirumi magotini, nilicheka hadi nikashika mbavu.

"Weye cheka tu," akaniambia. "Lakini jaribu. Page moja. Kama haingii, utanipiga makofi."

Iliingia, na ile ya pili nayo ikaingia. Tangu hapo, kila alasiri nikitoka mazoezi ya mpira, kwani nilikuwa golikipa wa timu ya wanafunzi, na golikipa hasa, tulikaa barazani kwa Papa Mawazo tukayumba pamoja. Feruzi anaanza sentensi, mimi naimalizia. Cherehani ilitupigia mwendo. Wateja waliokuja kupimwa suruali walidhani tunasali, wakavua kofia.

Mtihani ukaja na baridi ya mwezi wa saba. Msimamizi alikuwa Mbelgiji mmoja mrefu tuliyembandika jina la Bwana Kimya, maana hilo ndilo neno alilolipenda kuliko mengine yote. Swali lilihusu amana: mtu amekuachia mali yake uitunze, una haki gani juu yake? Nilifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu yake sokoni. Nikainama nikaandika. Feruzi alikuwa safu ya mbele, kidogo upande wa kulia, naye akaandika.

Kumbe tulikuwa tunayumba. Naapa sikujua. Feruzi anakwenda mbele, mimi nakwenda mbele. Anarudi, narudi, na midomo yetu inacheza. Bwana Kimya alitutazama weee, kisha akaja kwa hatua ndefu, akatwaa karatasi zetu na kupiga kelele ambayo hakuwahi kumruhusu mtu mwingine kuipiga mle ndani.

"Ishara! Mnapeana ishara!"

Karatasi zikalinganishwa. Sentensi zilikuwa zilezile, neno kwa neno. Kwisha habari yetu.

Kwa kanuni ya chuo, aliyeiba mtihani alifukuzwa moja kwa moja, hakuna kurudi. Kesi yetu ingesikilizwa kesho yake, na mpaka iamuliwe hatukuruhusiwa kukanyaga darasani wala uwanjani. Jumapili ilikuwa fainali ya kombe dhidi ya timu ya makarani wa mjini. Golini angesimama André, kijana mwema kabisa, lakini mipira ilimpita kama treni inavyopita stesheni ndogo.

Tulitembea hadi Kamalondo. Mimi nilikuwa nachemka, Feruzi anasukuma kijiwe kwa kiatu njia nzima, na kijiwe hicho kikanichemsha zaidi.

"Sema kitu, basi!"

"Niseme nini? Bamekwisha kutukatia kesi."

"Lakini haki tuko nayo!"

"Haki tuko nayo. Muntu ya kuisikia njo tunakosa."

Papa Mawazo alitusikiliza huku mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani. Tulipomaliza akakata uzi kwa meno.

"Muntu ya kwiba anajificha," akasema. "Mweye mulikuwa munayumba mbele ya bantu bote. Ile ni mwizi ya namna gani? Kesho mutasema tu vile iko."

Asubuhi nikaitwa mimi kwanza. Feruzi aliambiwa akae kwenye benchi, mwisho wa korido. Mlangoni Bwana Kimya akanishika bega, akanong'ona kama mtu anayenitakia mema.

"Wewe umelelewa na mapadri. Sema ni yule Mwislamu aliyekuwa akikupa ishara. Utarudia mtihani mwezi wa kumi, na mambo yataisha."

Nilijaribiwa? Ndiyo. Akilini nilimwona mama yangu sokoni, nyuma ya mafungu yake ya samaki wakavu wa Pweto, alivyokwisha kulitangazia soko zima kwamba mwanawe ni avoka, wakili mzima. Ningemrudia na uso gani? Neno moja tu lilitosha kuniokoa. Kisha nikatupa macho mwisho wa korido. Feruzi alikuwa ameketi wima, mikono magotini, anajizuia kuyumba. Nikaona haya mpaka masikio yakawaka moto.

"Hakuna ishara, bwana," nikasema, nikaingia.

Ndani alikaa profesa wa sheria ya Kirumi, mzee mwenye ndevu nyeupe, na katibu wa kitivo pembeni yake. Bwana Kimya akafunga mlango, akasimama nyuma yangu.

"Nieleze amana kama nilivyofundisha," akasema profesa. "Kaa wima. Mikono mezani. Usitikisike."

Nikakaa wima, mikono mezani. Nikafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Nilitafuta neno la kwanza nikalikosa. La pili, vilevile. Kichwa kilikuwa kitupu kama gunia lililokung'utwa. Nyuma yangu Bwana Kimya alikohoa kikohozi cha furaha. Niliogopa sasa, niliogopa kweli, maana yeyote aliyeniona hapo angesema huyu ni mwizi aliyenyimwa wa kumwibia.

Hofu ikageuka hasira, na hasira yangu siku zote imekuwa na akili kunizidi. Ikanikumbusha kwamba maneno yale sikuyaweka kichwani, niliyaweka mgongoni.

"Profesa, naomba kuyumba."

"Unaomba nini?"

"Kuyumba. Mbele na nyuma. Ndivyo nilivyosoma. Kama unadhani ni ishara, nigeuze uso ukutani. Ukuta utanipa jibu gani?"

Katibu akamtazama profesa. Bwana Kimya akaanza kupinga, profesa akamnyamazisha kwa kidole.

"Geuka."

Nikageuza kiti. Nikauona ukuta mweupe, nikafumba macho, nikasikia cherehani ya Papa Mawazo, nikayumba. Neno la kwanza likaja lenyewe, likamvuta mwenzake kwa mkono, yakatoka yote: maana ya amana, wajibu wa mtunzaji, haki ya mwenye mali, hata ule mzaha wa profesa kuhusu farasi wa jirani, nao nikausema pale alipouweka yeye. Katibu akacheka. Nilipomaliza nilikuwa natoka jasho kama nimecheza dakika tisini.

"Kasuku naye hukariri," akasema profesa, lakini sauti ilikuwa imelegea. "Nigeukie. Sasa kwa maneno yako mwenyewe. Mtunzaji akiitumia mali, halafu akairudisha nzima, ana kosa?"

"Profesa, Kamalondo kuna fundi anaitwa Papa Mawazo. Karani mmoja alikwenda likizo, akamwachia koti lake jipya alitunze. Katikati ikaja harusi ya mpwa wa fundi, na koti la fundi limepauka. Lile la karani lilimkaa barabara. Sisi sote tulimwambia avae, nani atajua? Akakataa, akaenda na lake lililopauka. Kwa Warumi, angelivaa angekuwa mwizi, hata angelirudisha bila doa. Hakuachiwa alivae. Aliachiwa alitunze."

Profesa aliitikia kwa kichwa. Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa busara, lakini hasira ilikuwa bado imenikalia.

"Na mimi hapo mlangoni nimeambiwa nimtaje mwenzangu ili nipone. Feruzi amenipa namna ya kusoma aliyopewa na wazee wake, na amenipa urafiki. Vyote hivyo ni amana kwangu. Sivitumii kujinunulia mwezi wa kumi."

Profesa alimtazama Bwana Kimya mpaka yule mtu mrefu akaanza kuchunguza viatu vyake.

"Mwite mwenzake," akasema.

Feruzi akaja, akageuzwa ukutani, akayumba, na maneno yakatoka yaleyale, na mzaha wa farasi mahali palepale. Hata asiye profesa angejua kwamba yalitoka baraza moja. Profesa alizitia alama karatasi zetu mbele ya macho yetu, akasema kesi imekwisha, akatutuma tukapumzike.

Jumapili nilisimama golini. Tulishinda bao moja kwa bila, na penalti niliyodaka bado inatajwa Makomeno.

Wiki iliyofuata matokeo yakasomwa mbele ya watu, katika ukumbi uliojaa kofia na manukato ya wazazi Wazungu. Jina la kwanza lilikuwa la Feruzi: grande distinction, yaani sifa kubwa, pamoja na medali ya mwaka. La pili lilikuwa langu, distinction, daraja moja chini yake, nami nikaona inanitosha, kwa siku hiyo moja. Tulipokwenda mbele nikageuka kuwatafuta wetu. Walikuwa wamesimama nyuma kabisa, karibu na mlango. Papa Mawazo alikuwa ndani ya koti lake lililopauka, amefumba macho, anamshukuru Mungu wake kimyakimya huku akiyumba mbele na nyuma. Mama yangu, na rozari yake mkononi, alimtazama jirani yake kidogo, akafumba macho, akaanza kuyumba naye.

Bwana Kimya alikuwa analinda mlango. Aliwaona. Akafungua mdomo, akaufunga.